Chungu Chenye Miguu Mitatu: Mwongozo Kamili wa Kufinyanga Sanamu ya Mzaha kwa Ufundi wa Kale

Chungu kina tumbo, mabega, shingo na mdomo hata kabla hujaanza kukifanyia utani, na hapo ndipo pa kuanzia. Msanii anayemaliza chungu kizuri kisha akakibandika macho na pua anapata kitu cha kuchekesha mara moja. Mara ya pili kinachosha. Shingo ikiinama kuchungulia, tumbo likaelemea upande mmoja, mdomo ukabinuka kwa kununa, mzaha unakuwa ndani ya umbo lenyewe na hauishi hamu upesi.

Mwongozo huu unajenga kiumbe kimoja: chungu chenye miguu mitatu na shingo iliyopinda, kimo cha sentimita 30 baada ya kuchomwa, kwa kamba za udongo na bila gurudumu. Ukishakijua hiki, vingine vyote ni mabadiliko ya vipimo.

Wazo lenyewe ni la kale. Wafinyanzi wa Moche, pwani ya kaskazini ya Peru, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita walitengeneza mitungi yenye nyuso za watu, ndege na hata viazi, na bado ikabaki mitungi ya kumiminia. Haniwa za Japani zilianza kama silinda tupu za udongo zilizosimamishwa kwenye vilima vya makaburi. Baadaye zikaota vichwa, mikono na farasi. Kuanzia mwaka 1947, Picasso akiwa Vallauris, Ufaransa, alichukua vyungu vilivyotoka kwenye gurudumu vikiwa bado laini, akavibana na kuvipinda vikawa wanawake na njiwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujifunza kujenga kwa mkono kutoka kwa wanawake wafinyanzi huko Abuja, Nigeria, hahitaji hata jicho moja: vyungu vyake vina viuno, migongo na shingo, na mtazamaji anamaliza mwenyewe. Kabla ya kugusa udongo, tazama picha za kazi zake. Zinafundisha kujizuia, na kujizuia ndiko kunakoadimika kwenye sanamu za mzaha.

Udongo na kipimo cha kusinyaa

Udongo laini mtupu unafaa vikombe. Kwa sanamu, uchanganye na chenga za vigae, yaani vyombo vilivyokwisha kuchomwa, vikapondwa na kuchekechwa. Chenga zisizozidi milimita 1, kiasi cha moja ya tano ya udongo wote, zinatosha. Kwa kuwa zimeshapita motoni, hazisinyai tena. Zinaupa udongo mifupa ya kusimamia na njia za kutolea unyevu. Ukinunua udongo uliochanganywa tayari, ulizia ule wa sanamu.

Jaribu unyumbufu kwa kuviringisha kamba nene kama penseli na kuizungushia kidole. Ikipasuka kila mahali, udongo umekauka mno au hauna mnato wa kutosha. Mipasuko midogo ya juujuu haina neno.

Kisha pima kusinyaa. Tengeneza ubao mdogo wa udongo huohuo, chora juu yake mstari wa sentimita 10, ukaushe, uchome, upime tena. Mstari ukiwa umebaki sentimita 8.8, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 12, na kiumbe cha sentimita 30 lazima kijengwe kikiwa na kimo cha 34 (30 gawanya kwa 0.88). Watu wengi huruka jaribio hili, kisha wanashangaa sanamu imetoka tanurini ndogo kuliko ilivyokuwa mezani.

Kanda udongo hadi ukiukata kwa waya uone uso mmoja usio na mashimo wala mistari ya rangi tofauti. Hapa kuna imani moja ya kuiweka sawa: kinacholipua vyombo tanurini ni maji. Maji yanapogeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke ukinaswa ndani ya udongo mnene hutoka kwa nguvu. Pengo la hewa kwenye udongo uliokauka kabisa halilipui kitu. Tunakanda ili unyevu na ugumu ulingane kila mahali, na kwa sababu pengo ni mahali dhaifu pa kuanzia ufa.

Chora kivuli, usichore sura

Kata umbo la kiumbe kwenye karatasi nyeusi kwa kimo kamili cha kujengea, ulibandike ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa. Ukiweza kutambua tabia yake kwa kivuli tu (mdadisi, mvivu, mwenye makuu), umbo linajitosheleza. Ukijikuta unasema "akishawekwa macho ataeleweka", kata lingine. Kata hata kumi. Karatasi ni rahisi kuliko udongo.

Chora pia mstari wima kutoka katikati ya uzito wote. Mstari huo lazima uangukie ndani ya pembetatu ya nyayo tatu, na afadhali uangukie ndani sana. Shingo ikielekea mbele, tumbo au makalio yaende nyuma kufidia. Mara nyingi fidia hii ndiyo inayoleta kichekesho, kwa hiyo usiifiche. Miguu mitatu nayo haikuchaguliwa kwa mapambo: kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata meza ikiwa na mabonde, ilhali cha minne hukosa mguu mmoja udongo ukijipinda kidogo tu motoni.

Kujenga mwili

Tandika kitambaa chepesi ndani ya bakuli, kisha bonyeza bapa la udongo lenye unene wa milimita 10 lifuate umbo la bakuli. Hicho ndicho kitako cha tumbo. Viringisha kamba nene kama kidole gumba, ukitumia viganja vilivyonyooshwa na kuanzia katikati kwenda nje, ili zisitoke bapa. Laza kamba moja kwenye ukingo, kisha ivute kwa kidole gumba kuelekea chini kwa ndani mpaka mshono upotee. Nje fanya hivyohivyo au acha mishono ionekane ukipenda. Ndani usiache hata mmoja, kwani mshono usiovutwa ni ufa unaosubiri kukauka.

Mwelekeo wa ukuta unaamuliwa na mahali unapoilaza kamba. Ukiilaza ukingoni kwa nje, tumbo linapanuka; ukiilaza kwa ndani, linafunga. Ili tumbo lielemee upande mmoja, laza nusu ya mzunguko nje na nusu ndani, na urudie hivyo kwa kamba tatu au nne. Unene wa ukuta ubaki kati ya milimita 8 na 12. Baada ya kila kamba tatu, nne, simama, acha udongo ushupae kidogo, ukifunika ukingo kwa plastiki ili uendelee kupokea kamba mpya. Haraka ndiyo inayoangusha kuta. Piga kuta kwa kijiti bapa ili zikazane, na kwangua kwa kipande cha kibuyu au kombe. Vifaa hivi vya kale vinafuata mviringo wa tumbo vizuri kuliko chuma kilichonyooka.

Fika mabegani, kisha simama. Acha mwili ufikie hali ambayo kidole gumba hakiubonyei lakini ukucha bado unaacha alama. Tuite hali hiyo nusu mkavu. Nitaitaja tena na tena.

Miguu

Miguu ifinyangwe siku ileile ya mwili, ili vyote vishupae pamoja. Kuunganisha kipande kibichi na kilichokwisha kukauka ni kujitafutia ufa: kibichi kitasinyaa, kikavu kitagoma, na kiungo kitaachia. Finyanga kila mguu kwa kuminya donge kuzunguka fimbo nyembamba, uwe mtupu ndani. Wayo uwe mpana kuliko unavyodhani unahitajika. Mguu mmoja ukiwa umekunjwa goti kidogo kuliko mingine, kiumbe kizima kitaonekana kimekatizwa katikati ya hatua.

Geuza mwili kichwa chini juu ya sponji nene. Weka alama tatu zenye nafasi sawa kitakoni, na katikati ya kila alama toboa tundu dogo la kuunganisha hewa ya mguu na ya tumbo. Kwaruza nyuso zote mbili kwa uma, mistari ikatizane, hadi ziwe na vinyweleo. Paka rojo la udongo uleule lenye uzito wa mtindi. Ukiongeza tone la siki rojo linashika zaidi. Bana mguu huku ukiuzungusha kidogo kulia na kushoto hadi uusikie unagoma kuzunguka, na rojo lichuruzike nje ya kiungo. Lisipochuruzika, hukupaka vya kutosha. Sasa viringisha uzi mwembamba wa udongo, uzungushie kiungo, na uusindilie kwa ncha ya kijiti mpaka kona iliyokuwa kali iwe mteremko laini. Nyufa hupenda kona kali, na uzi huu mdogo ndio unaokoa miguu mingi.

Acha kiungo kishupae, kisha geuza mwili usimame. Chini ya tumbo weka nguzo ya udongo uleule iliyofungwa gazeti. Ya mbao au jiwe haifai: haisinyai, hivyo mwili ukishuka kwa kusinyaa utabaki umening'inia juu ya nguzo huku miguu ikivutwa.

Shingo inayopinda bila kukunjamana

Ukilazimisha bomba la udongo lipinde, upande wa ndani unakunjamana na wa nje unapasuka. Kuna njia safi zaidi. Jenga shingo kama silinda iliyonyooka kwenye ubao, iache iwe nusu mkavu, kisha ikate kwa waya kwa mshazari. Zungusha kipande cha juu nusu mzunguko na ukirudishe palepale. Mikato miwili itakutana sawasawa na shingo itakuwa imepinda mara mbili ya pembe uliyokata: mkato wa nyuzi 20 kutoka usawa wa mlalo unaleta pinda la nyuzi 40. Ukikata mara mbili kwa nyuzi 10 kila mkato, pinda linakuwa laini. Kwaruza, paka rojo, bana, unganisha na mabega, na uiegemeze kwa sponji hadi ishike.

Uso, au ukosefu wake

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kabla ya kukwaruza chochote, viringisha vidonge vya udongo na uvibandike kwa mate tu, uone. Sogeza jicho nusu sentimita na tabia inabadilika. Macho yaliyo karibu na mdomo na mbali na utosi huleta utoto. Macho yaliyopanda juu pembeni huleta mshangao. Jicho moja likiwa kubwa kidogo kuliko jingine huleta shaka. Kope ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Bapa jembamba la udongo likifunika theluthi ya juu ya kidonge, kiumbe kinachoka. Likifunika nusu, kinadharau.

Njia nyingine ni ile ya haniwa: kata tundu tu. Tundu lina giza ndani, na giza hutazama bila kuchoka. Kwa udongo mwekundu usio na glezi, yaani mipako ya kioo, mimi huchagua tundu karibu kila mara. Lina faida ya pili: linatoa mvuke. Kila sehemu tupu iliyofungwa inahitaji angalau kitundu cha sindano mahali pasipoonekana.

Ukimaliza uso, ondoa kitu kimoja. Nyusi kwa kawaida ndizo za kwanza kwenda.

Kung'arisha na kuchakaza

Utani unapata nguvu pale sehemu moja inapokuwa ya kifahari na nyingine imeachwa ovyo: tumbo linalong'aa kama limepakwa mafuta, juu ya miguu yenye alama za vidole. Mwili ukiwa umepita kidogo hali ya nusu mkavu, sugua tumbo kwa kokoto laini la mtoni kwa mizunguko midogo. Pitia mara ya kwanza kulaza chenga ndani, ya pili kuziba vinyweleo, ya tatu kuleta mng'ao. Ukiona unga unatoka, umechelewa. Lowesha eneo dogo kwa kitambaa na usubiri. Kwa miguu, bingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ungali laini.

Ambaye hana subira ya kokoto atumie terasigilata, rojo jembamba la chembe laini kabisa za udongo. Koroga kilo 1 ya unga wa udongo mwekundu katika lita 2.3 za maji pamoja na gramu 5 za silikati ya sodiamu, kemikali inayotawanya chembe za udongo majini. Acha bila kuguswa kwa takribani saa 20, kisha nyonya kwa mpira safu ya juu inayotiririka, uache tope zito chini. Paka tabaka tatu jembamba kwenye chombo kilichokauka kabisa, na usugue kila moja kwa kitambaa laini kabla halijafifia.

Kukausha

Sehemu nyembamba hukauka kwanza na kuvuta nene, kwa hiyo funga kope, ncha za miguu na ukingo wa mdomo kwa vipande vya plastiki, na tumbo liachwe wazi zaidi. Mbali na jua na upepo. Kiumbe cha kimo hiki kipe wiki mbili au tatu. Bandika tumbo shavuni: likiwa la ubaridi, bado lina maji.

Kuchoma

Simamisha kiumbe juu ya kigae kilichonyunyiziwa chenga, ili nyayo ziteleze udongo unaposinyaa. Miguu iliyong'ang'ania rafu hupanuka au kukatika juu ya goti. Kwa tanuri la umeme, ratiba yangu ni hii:

– Nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi kwa saa 6, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Huu ni ukaushaji wa mwisho.
– Nyuzi 60 kwa saa hadi 200.
– Nyuzi 100 kwa saa hadi 600. Kati ya 450 na 600 maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo yanatoka, na kwenye 573 kwatzi, madini yaliyomo udongoni, hubadili umbo lake na kutanuka ghafla.
– Nyuzi 150 kwa saa hadi 950 kwa kazi iliyong'arishwa kwa kokoto, au 1000 (koni 06 katika vipimo vya joto vya wafinyanzi) kwa itakayopakwa glezi. Ukizidisha 950, mng'ao wa kokoto unakufa.

Kupoa kupite tena 573 polepole. Usifungue tanuri kabla halijashuka chini ya nyuzi 100, hata ukiambiwa wageni wanasubiri.

Bila tanuri, moto wa wazi wa kuni na nyasi hufika kati ya nyuzi 600 na 900, lakini hupanda haraka mno, kwa hiyo udongo uwe na chenga nyingi na kiumbe kipashwe joto pembeni mwa moto kwa saa kadhaa kwanza. Ukitaka weusi, moto ukiwa juu ufukie kwa maranda ili hewa ikatike. Kaboni inaingia kwenye vinyweleo na chombo kinatoka cheusi. Odundo huchoma mara ya kwanza penye hewa ya kutosha apate rangi ya kutu, na vile anavyotaka viwe vyeusi hurudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa.

Rangi na glezi

Glezi ni mchanganyiko wa madini unaopakwa juu ya chombo kilichochomwa, ukayeyuka motoni kuwa kioo. Ukipaka kiumbe kizima glezi nene, kope zinajaa na alama za vidole zinazama. Wiki ya kazi inafunikwa kwa dakika. Weka glezi mahali pamoja au pawili: ndani ya mdomo, machoni, ute mmoja unaodondoka shingoni. Za joto la chini hukomaa kati ya nyuzi 1000 na 1060 hivi, na hapo ndipo penye nyekundu na njano kali. Kwa kuwa joto hilo hufifisha mng'ao wa kokoto, ukitaka tumbo ling'ae na macho yawe ya kioo, tumia terasigilata, ambayo huvumilia zaidi, na ujaribu vyote viwili kwenye kigae cha udongo uleule kwanza. Nyayo zisiguswe na glezi. Zifute kwa sponji hadi milimita 3 juu ya rafu.

Anayetaka utani ndani ya glezi yenyewe amtazame Takuro Kuwata wa Japani. Amechukua kairagi, glezi inayojikunja na kupasuka mabonge, na ishihaze, mawe yaliyochanganywa udongoni yakafumuka motoni, mambo mawili yaliyothaminiwa kwa kiasi kidogo kwenye bakuli za chai, akayakuza mpaka yakawa ndiyo sanamu, kwa rangi za waridi na dhahabu. Kujaribu ya kwanza, paka glezi nene juu ya sehemu yenye vumbi kidogo, na utandike kigae chini kupokea mabonge yatakayodondoka.

Vumbi la udongo na la glezi lina silika inayoharibu mapafu. Futa meza kwa sponji mbichi, usifagie ukiwa mkavu, vaa barakoa ya vumbi unapopima unga, na weka tanuri mahali penye hewa inayopita. Sanamu yenye glezi usiyoijua isiwekwe chakula.

Nyufa na kusimamisha

Ufa kabla ya kuchoma usiujaze kwa rojo la maji, utarudi. Usage udongo mkavu uleule, uukoroge kwa siki uwe mzito, na uusindilie kwa sindano. Ufa baada ya kuchoma mara ya mwisho unazibwa kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa kigae cha rangi ileile, ukasuguliwa kwa msasa mbichi. Ukiwa mahali panapoonekana sana, ujaze kwa rangi tofauti kabisa na uache uonekane.

Mwisho, simamisha kiumbe kwenye kioo kilicho sawa na ukitikise kwa kidole kimoja kwenye utosi. Kikirudi chenyewe, sawa. Kikisita, mimina mchanga mkavu ndani ya tumbo kupitia mdomoni hadi kitulie, kisha ziba shingo kwa kizibo cha gamba la mti.